Siku Niliyomsemea Olivier

Wakalimani vijana wa hapa mjini wanasema nimeacha kazi kwa sababu ya masikio. Nani aliwaambia? Masikio yangu ni mazima. Nikikaa uani kwangu Majengo namsikia jirani akikoroga sukari kwenye chai, na najua kama ameikoroga vizuri au ameiacha chini. Nimeacha kwa sababu nyingine. Nyinyi wenzangu mmeniomba niandike mambo ya kazi yetu, basi nayo nitaiandika, lakini mwisho, mahali pake.

Mimi ni Mama Zaina. Shule niliiacha darasa la tatu na sioni haya. Kiswahili nilikipata kwa baba, mfanyabiashara aliyetoka Ujiji akaoa hapa Gisenyi. Kinyarwanda ni cha mama. Kifaransa nilikiokota mpakani kwa kugombana na watu wa forodha, na ndiyo maana Kifaransa changu ni kikali. Mshahara na vyeti sitavitaja. Vyeti sina, na mshahara ulishaliwa.

Nilianzia kwenye ukumbi wa video karibu na soko. Ukumbi wenyewe ulikuwa wa mbao, madirisha yamezibwa kwa magunia ili mchana uwe giza, televisheni moja juu ya kabati, jenereta nyuma ikikohoa. Kanda zilikuwa za Kihindi na za Wachina wanaorukaruka, na hakuna aliyeelewa kinachosemwa humo. Kwa hiyo kulikuwa na msemaji. Anakaa kando ya televisheni na maikrofoni, anawasemea wote waliomo kwenye filamu. Wa kwetu aliitwa Faraji, Mkongomani wa ng'ambo ya mpaka, mrefu, koti moja la kahawia jua na mvua. Mimi nilikuwa muuza chai ya tangawizi mlangoni, mtoto mgongoni.

Siku moja mama wa Kihindi analia juu ya mwanawe aliyepigwa, na Faraji anamsemea kwa sauti nzito: "Mwanangu, inuka, tulipe kisasi!" Ikanishinda. Nikasema kwa nguvu, birika mkononi: "Mama gani huyo? Mama angemuuliza kama amekula!"

Ukumbi mzima ukacheka. Faraji akaisimamisha kanda, na kanda haikuwa ikisimamishwa hata kwa mvua.

"We wa chai," akasema. "Kuja hapa. Sema weye."

Nilidhani ananidhihaki. Nikaenda, nikashika maikrofoni, ikaning'ata mdomo kwa umeme, nikaruka. Wakacheka tena. Faraji akatoa kitambaa mfukoni, akaizungushia maikrofoni kichwani, akanirudishia. Nikamsemea yule mama: "Mwanangu, umekula?" Safari hii hakuna aliyecheka. Tangu siku hiyo wanaume walikuwa wake, wanawake wangu, na watoto tuligombania.

Faraji ndiye aliyenifundisha kazi hii, si darasa. Alinifundisha kuitazama filamu asubuhi peke yangu kabla watu hawajaja. Alinikataza karanga siku ya kazi, kwa sababu karanga zinabaki kwenye koo na zinaongea nawe. Na alinifundisha neno "mimi". "Ukisema 'anasema amechoka', watu wanabaki kwao," aliniambia. "Sema 'nimechoka'. Hapo wanakuja kwako." Nyinyi mnaokaa kwenye vibanda vya vioo mmefundishwa hivyohivyo, na mnadhani imetoka vitabuni.

Alikuwa na sharti lingine ambalo vitabuni halimo. Mtu akishakufa kwenye filamu, Faraji hakumsemea tena. Mnajua filamu zilivyo: baba anapigwa risasi mwanzoni, halafu mtoto anamkumbuka, na baba huyo anarudi anaongea, anatabasamu. Faraji alikuwa anaishusha maikrofoni mapajani na kutazama ukuta. Watu wanapiga kelele: "Sauti! Leta sauti, mzee!"

"Huyu tulishamuzika," anawajibu. "Munataka nini naye?"

Nilimuuliza sababu. Akasema: "Yule wa mu filamu hana shida. Ni mucheza sinema, iko kwake anakula. Shida ni kwamba we unafungua mudomo na kusema 'mimi' kwa ajili ya mutu aliyekufa. Kuna wengine wanangojea nafasi kama hiyo." Nikaona ni maneno ya watu wa ng'ambo. Wana maneno mengi.

Ilikuwa miaka ile ambayo kila nyumba ilikuwa na mtu wake asiyerudi. Zaidi ya hapo siandiki.

Alasiri moja ukumbi umejaa mpaka mlangoni. Baba wa kwenye filamu amekwisha kufa, sasa amerudi katika kumbukumbu za mwanawe, amesimama kwenye mvua. Kelele zikaanza. Wakagonga mabenchi mpaka televisheni ikatetemeka juu ya kabati. Faraji alikuwa na homa siku hiyo, hakuwa na nguvu za kubishana. Akainua maikrofoni, akamsemea.

Filamu ile nilikuwa nimeitazama asubuhi. Yule baba anaaga tu, maneno machache. Lakini Faraji aliendelea, hata picha ilipobadilika. Na alikuwa anasema Kinyarwanda. Faraji Kinyarwanda chake kiliishia kwenye salamu, tena salamu za kuchekesha. Siku ile alisema kile cha Busasamana kabisa, cha watu wa chini ya milima, bila kukwama: "Mukamana, usitungoje tena. Ezeka nyumba, mvua inakuja."

Nyuma kabisa mwanamke akasimama. Sikuwahi kumwona kabla. Akajibu kwa sauti ya kawaida, kama mtu aliyeitwa kutoka jikoni: "Nimesikia." Akajifunga kitenge vizuri, akatoka, na watu wakampisha.

Faraji akaizima televisheni. Akakivua kile kitambaa kwenye maikrofoni, akaniwekea mkononi. "Mi nimeacha, Mama Zaina. We endelea. Ila ile usijaribu." Akavuka kurudi Goma, akawa muuza makaa. Tulipokutana sokoni huko alinisalimia kwa mkono tu. Mpaka alipofariki hakushika tena maikrofoni, na mimi sikuivunja ile sheria yake hata mara moja, ingawa nilizomewa sana.

Kumbi zikafa, simu zikaja, kila mtu akawa na sinema mfukoni. Mimi nikahamia kwenye mikutano. Nimewakalimania wavuvi wa sambaza, wale dagaa wa ziwa letu, na wafadhili wao. Nimewakalimania madereva wa malori. Mchungaji mmoja mgeni alihubiri mchana kutwa kwa mdomo wangu, watu wakaokoka mstari mzima, nami nikatoka hapo nikaenda kuswali. Kitambaa cha Faraji nilikwenda nacho kila mahali na kila maikrofoni niliivalisha, ingawa maikrofoni za hoteli haziumi.

Jambo moja la kazi hii watu wa nje hawaliamini: mkalimani hakumbuki alichosema. Maneno yanaingia huku yanatokea kule. Nikitoka mkutanoni ukaniuliza waziri alisema nini, nitakwambia muulize waziri. Likumbukeni hilo, maana mbele linakuja.

Miaka ya mwisho ndipo zikaja hizi pichi. Asiyejua: wanakusanya vijana wanaotaka kutengeneza filamu, wanawaleta hoteli kando ya ziwa, na kila mmoja anasimama mbele ya meza ya wataalamu kueleza filamu ambayo bado haipo. Akiwashika mioyo, anapewa kamera, mafundi na mtu wa kumwongoza. Akishindwa, anapewa chai. Kila kijana anaanza kwa kusema filamu yake ni tofauti. Mmoja alikuwa na helikopta kwenye hadithi, na kiongozi wa wataalamu, mama mmoja mzungu mwenye miwani ambaye wote tulimwita Madame, akamuuliza ataitoa wapi. "Mungu atatoa," akasema kijana. Nikatafsiri kama ilivyo. Madame akauliza kama Mungu ameshatia saini.

Kazi nyepesi, nilisema. Wahusika wote wa filamu hizo bado hawajatengenezwa, basi nani atakufa?

Asubuhi ya pichi ya mwisho binti mmoja alinifuata kwenye baraza ya hoteli. Divine, mshonaji wa Rugerero, vidole vimechomwachomwa na sindano. Desturi ni hiyo, msemaji anamwonjesha mkalimani maneno yake kabla. Wataalamu wale walijua Kifaransa tu, na yeye alichagua kusema Kiswahili chetu cha mpakani, kwa sababu ndicho kaka yake alichokiongea. Akafungua karatasi, akasoma: "Mi ni Olivier. Nilikufa mu ziwa."

Nikamzuia. "Sema 'kaka yangu alikufa'."

"Hapana, Mama Zaina. Ni yeye anasema."

"Kwa nini aseme yeye?"

Akaikunja karatasi. Akanieleza kwamba Olivier aliingia kuogelea Jumapili mchana, watu wakiona, na hakutoka. Mwili haukuonekana. Nyumbani kwao hakuna aliyewahi kutamka kwamba amekufa. Wanasema hajarudi. Mama yao haruhusu geti lifungwe, na anapopakua chakula anaacha cha Olivier chunguni. Majirani hawajaweza kuja kukaa matanga, maana utamlilia mtu ambaye mama yake anamwekea ugali?

"Tumemwambia sisi, amemwambia padri, amemwambia chifu wa mudugudu wetu," Divine akasema. "Anatujibu, 'Akiniambia mwenyewe nitaamini.' Bon. Nataka amwambie mwenyewe. Nikikosa hii filamu, maman atakufa akimungojea. Sina njia ingine."

"Tafuta mkalimani mwingine."

"Iko wapi?"

Hakuwapo. Nikamwambia nitamfanyia, lakini sitasema "mimi". Nitasema "anasema". Divine akanishukuru, maskini, hakujua kwamba nimeshamuua nusu. Mimi nilijua. Ukisema "anasema", watu wanabaki kwao.

Ukumbi ulikuwa na kioo upande mzima, na nyuma ya kioo ziwa. Siku hiyo lilikuwa limetulia kupita kiasi, rangi ya sufuria, hakuna mtumbwi. Nikaivalisha maikrofoni kitambaa. Divine akasimama mbele ya meza. Madame alikuwa na tabia ya kubonyezabonyeza kalamu, tik tik, tik tik, hata kijana awe analia.

"Mi ni Olivier," Divine akaanza.

Nikafungua mdomo niseme "anasema". Ikatoka "mimi".

Msinipe sababu. Nimewasikia wengine wakisema ni mazoea ya miaka, ulimi umezoea. Labda. Mimi nasema nilikuwa na neno moja mdomoni na likatoka lingine. Baada ya hapo sikumbuki maneno, kama kawaida yetu. Nakumbuka kwamba ile tik tik ilikoma. Nakumbuka Divine alikwama katikati, akainamia karatasi yake, mabega yakitikisika. Nakumbuka baridi kwenye meno. Na nakumbuka nilidhani nami nimenyamaza nikimngoja.

Alipomaliza, Madame akavua miwani.

"Muulize," akaniambia, "kile kidumu. Kaka yake anasema kidumu kisingemsaidia, kwa sababu alisinzia tu. Ni jambo zito sana, lakini kwenye maandishi yake halimo. Litakuwemo kwenye filamu?"

Nikamgeuzia Divine swali, neno kwa neno. Nikaona uso wake ukisawijika.

"Nani amewaambia habari ya kidumu?"

"Wanasema umesema wewe."

"Mi sikusema!" Akanisogelea, akashusha sauti. "Mama Zaina, hiyo mi sijasema. Si hapa, si popote. Olivier alikuwa anaogelea na kidumu cha njano, anakikumbatia. Siku ile mi ndiye nilikibeba, nikaenda kuchota nacho maji. Akaingia bila kitu. Hakuna anayejua. Hata maman. Mungu wangu, hata kwa padri sikusema."

Nyinyi mlio wenyeji wa hapa mnalijua ziwa letu. Kuna mahali hewa mbaya inapanda kutoka chini, tunaiita mazuku, na mtu hodari wa kuogelea analala usingizi palepale majini, hata akiwa amekumbatia kidumu. Alisinzia tu.

"Anasemaje?" Madame akauliza.

"Subiri," nikamwambia. Katika kazi yangu yote sikuwahi kumwambia mtaalamu asubiri.

Divine alikuwa amenishika mkono. "Nijibu nini?"

"Mkalimani hashauri."

"Wewe si mukalimani saa hii. Niambie. Ni yeye?"

Nikamwambia ukweli: "Sijui. Sikusikia."

Muda wake ulikuwa unaisha. Akikana, ataulizwa maneno yametoka wapi, na hapo watatuona wote wawili wendawazimu, na filamu imekufa. Akikubali, lazima aseme alichokificha. Akaniachia mkono, akajipangusa uso, akawageukia.

"Waambie litakuwemo," akasema. "Waambie mimi ndiye nilichukua kidumu." Akawaeleza yote, taratibu, nami nikatafsiri, na safari hii maneno yalikuwa yake peke yake. Nilijua kwa sababu meno hayakuwa na baridi.

Walimchagua. Alipopiga magoti kwenye zulia la hoteli akilia, nilikuwa nakivua kitambaa kwenye maikrofoni. Kilikuwa kimelowa chapachapa, unakikamua kinatiririka. Mate ya bibi mzima hayawi mengi hivyo. Nikamfuata fundi wa sauti aliyerekodi, nikamwambia anirudishie pale Divine alipokwama. Divine kweli yuko kimya, unasikia kwikwi zake tu. Juu ya kwikwi anaongea mtu, polepole, Kifaransa kikali. Sauti ni yangu. Hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo. Ingekuwa ya kijana, ningemwita shehe tukamaliza.

Divine akatengeneza filamu yake. Akaja Majengo kuniomba nimsemee Olivier ndani yake, sauti ya kurekodi. Nikakataa. Akaniomba tena na paketi ya sukari mkononi. Nikaichukua sukari, nikakataa. Nikamsimulia habari za Faraji na yule Mukamana, yote kama nilivyoyaandika hapa. Akasikiliza, akaenda zake. Na mtoto yule ana akili, maana alichofanya ni hiki: kila mahali Olivier anapotakiwa kusema, aliacha maji tu. Ziwa mchana, hakuna muziki, hakuna maandishi, hakuna sauti.

Ilionyeshwa hapa hapa mjini, Jumapili mchana, kwenye ukumbi wa vijana, mapazia yamefungwa. Mama Olivier alikuja kwa sababu aliambiwa mwanawe yumo. Akakaa mbele, mkoba mapajani, nadhifu, kama mtu anayempokea mgeni kituo cha basi. Mimi nilikaa pembeni, Divine karibu yangu. Kazi sikuwa nayo, nilikuwa mtazamaji. Kitambaa nilikuwa nimekiacha nyumbani.

Sehemu ya kidumu ilipopita, Mama Olivier hakugeuka kumtazama binti yake. Yakaja maji ya mwisho. Kimya. Maji yale yalikaa muda mrefu, watu wakaanza kukohoa, na nyuma kijana mmoja akapaza sauti, kama wale wa zamani: "Sauti! Leta sauti!"

Mama Olivier akainua mkono kumnyamazisha. Alikuwa ameinamisha kichwa upande, kama mtu aliyeweka simu sikioni. "Ee," akasema. "Ee, papa." Ndivyo mama wa huku anavyomwita mwanawe. Akasikiliza tena. "Divine? Hapana, simukasirikii." Kisha kitambo kirefu, maji tu. Halafu akasimama, akaning'iniza mkoba begani. "Sawa, papa. Nimesikia. Nitafunga."

Akatoka peke yake, mgongo umenyooka. Siku hiyohiyo geti la Rugerero lilifungwa kwa komeo, chungu kikaoshwa, na kesho yake viti vikaletwa, majirani wakaja kulia. Nami nilikuwapo, nililia kama wengine.

Lakini kule ukumbini, taa zilipowaka, Divine alikuwa hajanyanyuka. Alikuwa ananitazama mimi, si mlango aliopita mama yake.

"Amesikia nini?" akaniuliza.

"Sijui, binti yangu. Mimi sikusikia kitu. Na masikio yangu ni mazima."

"Mama Zaina," akasema, "sasa kwa nini midomo yako ilikuwa inacheza?"